Kofia ya Miiba ya Babu na Mkia wa Mbweha Pale Chuoni

Najua nimepotea wiki tatu nzima, mnisamehe. Kulikuwa na taimd test mbili, bumu limechelewa, na kama kawaida bumu likichelewa hata akili inachelewa. Leo nimepata nafasi, nimekaa chini ya mwembe nyuma ya bweni, nikaona niwaandikie kitu kinachonikera moyoni tangu Ijumaa ya juzi.

Kuna kaka mmoja wa mwaka wa pili, anasoma kompyuta. Simtaji jina na naomba anayemjua asimtaje. Ni mpole, anachora vizuri ajabu, na anachochora siku zote ni wanyama waliosimama kwa miguu miwili: mbweha amevaa koti, twiga anasoma gazeti, chui mwenye miwani. Ijumaa ile ilikuwa usiku wa utamaduni. Wachaga walikuja na mbege yao ya maigizo, Wahaya na lubugo, sisi wengine na khanga. Yeye akatokea na masikio ya mbweha aliyoyashona mwenyewe na mkia mrefu wa manyoya ya bandia. Jamani, ukumbi ulilipuka! Kwanza kicheko, halafu zile kelele za "mchawi huyo!", "frimasoni!", na mwingine akauvuta mkia mpaka ukachanika. Akatoka kimya kimya.

Siku mbili baadaye nikamkuta kafteria. Akaniambia yeye na wenzake watatu waliwahi kuomba kusajili klabu, ofisi ikawajibu kwa mdomo tu kwamba klabu ya aina hiyo haina asili hapa kwetu, ni mambo ya Wazungu. Halafu akaniuliza, "Dada, wewe ni Msukuma wa ndani kabisa. Kwenu hakuna kitu kama hiki?"

Nikamjibu, "Hakuna."

Wadau, nilidanganya. Nilipolala usiku nikaiona kofia ya marehemu babu ikining'inia kwenye nguzo ya nyumba, kule Bukundi. Kofia imejaa miiba ya nungunungu, mirefu, nyeusi kwa nyeupe. Na mimi nasoma ualimu, somo la kufundishia ni Historia! Kwa hiyo hii ya leo ni kama sapu ya swali lile nililolijibu vibaya kafteria.

Kwanza hao wenzetu ni nani. Kwa Kiingereza hujiita "furry", yaani wenye manyoya. Sisi tuwaite mafari, mmoja fari, tusichoshane. Ni watu wanaopenda wanyama wenye tabia za kibinadamu: wanawachora, wanaandika hadithi zao, na kila mmoja huwa na mnyama wake anayemwakilisha. Walianza kujikusanya Marekani miaka ya 1980, wakitoka kwenye mikutano ya wapenzi wa hadithi za sayansi ya kubuni na vijarida vya katuni. Wengi hutaja katuni ya Robin Hood ya mwaka 1973, ambayo shujaa wake ni mbweha, kuwa ndiyo iliyowateka wakiwa wadogo. Mkutano wao wa kwanza wenyewe kwa wenyewe ulifanyika California mwaka 1989, watu kama 65 hivi. Mkutano wa Pittsburgh, ambao hufanyika mjini humo tangu 2006, ulipita watu 13,000 mwaka 2023. Na wengi wao wala hawana lile vazi zima la mnyama mnaloliona kwenye picha, maana ni ghali mno. Wana michoro tu, au masikio, au mkia kama wa kaka yangu.

Hayo yatosha. Ukilelewa na hadithi za Sungura na Fisi huhitaji mhadhara mrefu kuelewa mnyama anayeongea.

Sasa twende nyumbani. Bukundi iko wilaya ya Meatu. Mimi nilipozaliwa, tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilitangazwa mwaka 2012, makao makuu Bariadi. Ni nchi ya pamba, mtama, viazi, ng'ombe na vumbi. Na nungunungu. Asiyewahi kulima karibu na nungunungu hajui maumivu. Unapanda viazi na karanga, anakuja usiku, anafukua mstari mzima kama ana jembe, asubuhi unakuta mashimo. Mchana amelala chini ya ardhi, kwenye pango lenye milango mingi. Mtego anaukwepa, mbwa anarudi na miiba puani.

Ndipo wakawapo Banunguli. Hiki ni chama cha Kisukuma cha wawinda nungunungu. Mwanachama huingia mwenyewe ndani ya shimo, anatambaa kwa tumbo gizani na mkuki, mpaka anakutana na mnyama uso kwa uso. Pango linaweza kumporomokea. Wapo waliobaki humo humo. Ndiyo maana hakuingia kila mtu: uliingizwa kwenye chama, ukafundishwa dawa, nyimbo, na namna ya kusikiliza ardhi. Halafu mavuno yakiisha, wanaume hao hao wanatoka uwanjani kucheza, na miiba ya yule mnyama kichwani, wakimwigiza anavyotembea, anavyotikisa mgongo, anavyokasirika. Babu alikuwa Mnunguli. Mimi nilimkuta mzee, hachezi tena, lakini akilewa kidogo alikuwa anatikisa mabega vile vile na sisi watoto tunakimbia tukicheka na kuogopa.

Wenzao walikuwa Bayeye, watu wa nyoka. Hawa walijua dawa za kuumwa na nyoka, walikamata nyoka kwenye makazi ya watu, na walicheza na chatu shingoni. Chama chao kilikuwa cha siri hasa, chenye madaraja na mafunzo. Mwaka 1946 Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya mkoloni, alichapisha makala ndefu juu yao, na kwenye kichwa cha habari akawaita chama cha siri cha wacheza nyoka wa Usukumani. Walikuwapo pia Bayege, wawinda tembo.

Na juu ya vyama hivyo vyote kuna ule ushindani mkubwa ambao kila Msukuma anaujua: Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwapo manju wawili waliokuwa pia waganga, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai ngoma yake na dawa yake ni kiboko ya mwenzake. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Mchezo wenyewe uko hivi: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na huku. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji wanahama. Atakayekusanya watu wengi ndiye mshindi. Sasa ukitaka kuhamisha watu elfu moja kutoka kwa mwenzako unafanyaje? Unaleta mnyama! Huyu analeta chatu, yule anakuja na fisi mzima amefungwa kamba, mwingine anajigeuza nungunungu mbele za watu.

Kwa hiyo ofisi iliyosema jambo hili halina asili hapa ilikosea, na mimi niliyesema "hakuna" nilikosea zaidi, maana ofisi haikulelewa Bukundi.

Sisemi kwamba Banunguli walikuwa mafari. Babu angenichapa. Yeye hakumpenda nungunungu, alimla. Lakini chama cha watu wanaochagua mnyama mmoja, wanaojifunza mwendo wake, wanaovaa kitu chake mwilini, wanaojuana kwa nyimbo zao na kuchekwa na wengine kwa sababu hiyo, hicho sisi tulikuwa nacho kabla California haijasikia.

Swali lililonipeleka maktaba ni jingine: walikubalikaje? Maana mkidhani walikubalika siku zote, hapana. Wamisionari wengi waliona ngoma hizi ni upagani mtupu, na mkristo aliyekutwa kwenye ngoma ya dawa alikuwa na kesi ya kujibu kanisani. Serikali ya mkoloni nayo ilikuwa na Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo mpaka leo imo katika vitabu vyetu vya sheria, na chini ya sheria ile dawa ya manju na dawa ya mchawi hazikuwa mbali. Kusini kidogo, kwa Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, mapambano yalikuwa makali zaidi. Chama chao cha Nyau hucheza ndani ya maumbo makubwa ya wanyama yaliyosukwa, na wamisionari walikipiga vita miaka mingi, nacho kikapiga vita shule za misheni. Mwaka 2005 UNESCO ikaitangaza ngoma hiyo hiyo, Gule Wamkulu, kuwa hazina ya binadamu. Karne haijaisha vizuri, pepo limekuwa hazina!

Na kuna hii ambayo ilinichekesha peke yangu maktaba mpaka dada wa kaunta akanitolea macho. Mwaka 1954 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kusajili vyama. Usukumani sheria hiyo ilitumika kukinyima usajili chama cha TANU, na kati ya 1954 na 1958 TANU ilizuiwa kufanya kazi kihalali katika Jimbo la Ziwa. Yaani ile fomu ya "jina la klabu, malengo, mlezi, sahihi za wanachama" tunayojaza chuoni ina ukoo mrefu, na wakubwa wa leo ni wajukuu wa chama kilichowahi kuambiwa hakisajiliki.

Kwa Wasukuma mambo yalianza kulainika kupitia mtu ambaye usingemtegemea: padri. David Clement, Mkanada wa Quebec, wa shirika la White Fathers, alifika Usukumani miaka ya 1940 na baadaye akawa Bujora, pale Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka Mwanza mjini. Badala ya kuwafukuza wacheza ngoma akawaita. Akatumia nyimbo na ngoma za Kisukuma kanisani, na sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni ikawa Bulabo, maana yake maua, kwa yale maua ya maandamano. Baada ya misa, Bagika na Bagalu wanashindana kiwanjani. Chatu anaingia, fisi anaingia, padri yupo. Hapo hapo Bujora likajengwa jumba la makumbusho, lenye jengo la vyama vya ngoma, jengo la waganga, la wahunzi, la watemi.

Serikali nayo baada ya uhuru ilikuja na lake. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, kwenye hotuba yake ya kuwa Rais wa kwanza, alitangaza wizara ya utamaduni na vijana, akasikitika jinsi tulivyofundishwa kuona aibu ngoma zetu. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, na kilipovunjwa, mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Leo ngoma ya nyoka inachezwa kwenye mbio za Mwenge na mbele ya wageni wa kitaifa. Hakuna anayeita polisi.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikadhani nimepata insha nzuri yenye mwisho mzuri. Likizo iliyopita nikarudi nyumbani, na njiani nikashuka Kisesa kwa makusudi, nikalipa kiingilio, nikaingia Bujora. Nikasimama mbele ya vitu vya ngoma vimepangwa vizuri, vina maelezo. Nikaikumbuka sauti ya babu. Kuna siku, nikiwa darasa la sita, nilimuuliza kwa nini ameacha. Alisema kwa Kisukuma, nami nawawekea kwa Kiswahili: "Walianza kutupigia makofi tulipoacha kuingia shimoni."

Sikumwelewa siku ile. Sasa naanza kumwelewa. Wakati wa shimo, watu waliwahitaji Banunguli na kuwaogopa kwa pamoja. Ulimwita Mnunguli shambani kwako, ukampa chakula, ukanyamazia dawa zake, kwa sababu viazi vyako vilikuwa vinaisha. Muyeye hivyo hivyo: mtoto akigongwa na nyoka huulizi dini ya mtu. Walivumiliwa kwa sababu walifaa. Baadaye walipendwa kwa sababu walikuwa hawatishi tena, wana dakika kumi jukwaani baada ya hotuba ya mgeni rasmi. Hivi ndivyo ninavyoona mimi, mhadhiri wangu anaweza kupinga.

Kaka yangu wa mkia yeye hafai kwa lolote kwa maana hiyo. Hakamati nungunungu. Hatibu nyoka. Anapenda tu mbweha. Je, ni lazima kitu kifae ndipo kiachwe kiishi? Pale mabwenini kuna klabu ya watu wanaoshabikia timu ya Uingereza ambayo haijui kama wapo duniani. Wanalia kabisa ikifungwa! Na Simba, ambayo mpaka mwaka 1971 ilikuwa inaitwa Sunderland, kila mwaka kwenye Simba Day unaona mtu mzima na familia yake amevaa kichwa cha simba, amejipaka rangi, ananguruma ndani ya daladala. Hajaitwa frimasoni hata mmoja. Ukinguruma kwa ajili ya mpira wewe ni mwananchi, ukibweka kwa ajili ya mchoro wako wewe ni mgonjwa.

Marekani kwenyewe msidhani ni peponi. Desemba 2014 mtu asiyejulikana aliweka klorini kwenye ngazi za hoteli huko Rosemont, karibu na Chicago, wakati wa mkutano wa mafari. Watu 19 walipelekwa hospitali. Na Januari 2022 mkuu wa shule za umma za Midland, Michigan, alilazimika kutoa tamko kwamba si kweli shule zake zimeweka masanduku ya mchanga wa paka chooni kwa ajili ya wanafunzi wanaojiita wanyama. Uvumi mtupu, lakini uliendelea kuhama kutoka jimbo hadi jimbo, wanasiasa wakiurudia.

Uvumi juu ya mtu na mnyama, mimi natoka mkoa unaoujua huo vizuri kuliko Michigan. Kwetu fisi ni usafiri wa wachawi, ndivyo wanavyosema, na aliyempanda usiku kwa kawaida anasemekana ni mwanamke mzee. Macho mekundu ndiyo ushahidi. Macho mekundu ya miaka hamsini ya kupulizia moto wa samadi ya ng'ombe! Vikongwe wangapi wameuawa kwa mapanga Usukumani kwa ushahidi huo, sitaki hata kuandika. Bibi yangu, mjane wa yule mwenye kofia, ana macho hayo. Nilipomsimulia likizo habari za kaka wa chuo na mkia wake, alicheka kwanza, akauliza manyoya yalikuwa ya mnyama gani. Halafu akanyamaza. Akasema, "Mjukuu wangu, yeye ni mwanaume, watamcheka. Wewe ni mwanamke, usijiweke kwenye maneno ya wanyama."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipo. Maana Jumatatu kaka alinifuata tena na fomu. Wameamua kuomba upya, safari hii kwa jina la klabu ya uchoraji wa wanyama na masimulizi. Wanatakiwa sahihi kumi na tano, wamepata nane. Mlezi wamempata, mwalimu mmoja wa sanaa ambaye aliangalia michoro dakika nzima kisha akauliza tu, "Huyu chui kwa nini ana huzuni?" Mimi mwakani naenda mazoezi ya kufundisha. Jina langu likitembea na uvumi, linafika shuleni kabla yangu, na wazazi wa kwetu mnawajua.

Nilikaa na ile fomu siku mbili ndani ya desa la Historia. Dada wa chumbani kwangu akaiona, akasema, "Weweee, usijiingize, utaitwa majina." Nikamwambia nimeshaitwa, tangu fomu wani naitwa Msukuma wa fisi. Akacheka, mimi sikucheka sana.

Jana jioni nikampelekea kaka. Ni ya tisa, mwandiko wangu ule mbaya mnaoujua. Kabla sijampa nikamwambia kwamba siku ile kafteria nilimdanganya, nikamweleza kofia, shimo, babu na mabega yake. Akatoa penseli pale pale, akaanza kunihoji: miiba inalalia nyuma au inasimama? Mingi mbele au nyuma? Nyeupe inaanzia wapi? Nusu ya maswali sikuwa na jibu. Imebidi leo asubuhi nimpigie mjomba Bukundi, aingie ndani aiangalie kofia na kunielezea kwa simu, huku salio linakata. Anasema panya wameila upande mmoja.

Zimebaki sahihi sita. Mwisho wa kupokea fomu ni Alhamisi. Nikipata habari nitawaandikia, kama umeme utakuwepo. Sasa nakimbilia foleni ya wali maharage, mwangaluka na wadila kwenu nyote.